Mzee Akitaka Kutembea: Matayarisho ya Safari Salama kwa Mzazi Aliyestaafu

   Mara nyingi hapa tunazungumza kuhusu watoto: chanjo, kunyonyesha, kuharisha. Leo tutazungumza kuhusu mtu mwingine unayemtunza katika nyumba hiyo hiyo, yaani babu au nyanya wa watoto wako.

Tuchukue mfano ambao wengi wetu tunaufahamu. Mama yako alifundisha shule ya msingi kwa miaka mingi, na sasa amestaafu. Jumamosi moja unamwambia, "Mama, leo twende Mji wa Kale. Watoto hawajawahi kuingia Fort Jesus." Naye anakujibu, "Nendeni tu nyinyi, mwanangu. Mimi nitawalindia nyumba."

Usilikubali jibu hilo upesi. Keti naye, muulize polepole sababu ni nini. Mara nyingi si uchovu wala uvivu. Anaogopa kwamba haja ndogo itamshika njiani na choo hakipo karibu. Ni jambo la aibu kwake, kwa hivyo halisemi.

Na ukimlazimisha aende bila kumuuliza, huenda akafanya jambo la hatari. Tangu asubuhi hatakunywa maji. Kile kidonge chake cha presha kinachoongeza mkojo atakiacha mezani, au atakimeza lakini asinywe kitu juu yake. Kisha atatembea juani kwa saa tatu. Hapo ndipo matembezi ya furaha yanapoishia kwenye chumba cha dharura hospitalini.

Basi somo letu la leo ni hili: safari ya mzee ipangwe kwa kufuata maji, choo na kivuli. Mambo haya matatu yakiwa tayari, mengine yatafuata.

KWA NINI MZEE ATEMBEE?

Hapa Kenya wafanyakazi wengi wa serikali hustaafu wakiwa na umri wa miaka 60. Hadi mwaka 2009 umri huo ulikuwa 55. Mtu wa miaka 60 anaweza kuishi miaka mingine 20 na zaidi. Je, miaka hiyo yote ataimaliza kitini mbele ya televisheni?

Mzee asiyetoka nyumbani hupoteza nguvu za miguu haraka. Misuli isiyotumika hunywea. Miguu ikidhoofika, huanguka kwa urahisi, na mzee akivunjika nyonga huenda asisimame tena kama zamani. Kukaa peke yake nako huleta huzuni, usingizi mbaya, na kukosa hamu ya kula.

Shirika la Afya Duniani linashauri wazee wafanye mazoezi ya kadiri kwa angalau dakika 150 kila wiki. Hiyo ni nusu saa kwa siku tano. Kutembea kwa miguu ni sehemu ya mazoezi hayo, na hata vipindi vifupi vina faida. Tena Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 57, inawapa wazee haki ya kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii na kuishi kwa heshima. Kumfungia mzee ndani kwa sababu ya hofu yetu si kumtunza.

MWILI WA MZEE NA JOTO LA MOMBASA

Mama mlezi, kuna mambo matatu ambayo ni lazima uyafahamu kabla ya kumtoa mzee nje.

Kwanza, kiu hupungua kadiri umri unavyosonga. Mwili wa mzee unaweza kuwa umekauka, naye bado akakwambia hana kiu. Kwa hivyo usingoje aombe maji.

Pili, mwili wa mzee haupoi haraka kama wa kijana. Jasho lake ni kidogo. Na hapa kwetu hewa ina unyevu mwingi, hata hilo jasho linalotoka haliwahi kukauka likampoza.

Tatu, dawa nyingi za wazee huongeza hatari ya joto. Zile za presha zinazoongeza mkojo hutoa maji na chumvi mwilini. Nyingine hushusha presha, na mzee akisimama ghafla baada ya kukaa anaona kizunguzungu.

Chagua basi wakati unaofaa. Miezi ya kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, ndiyo yenye joto kali zaidi. Miezi ya kusi, hasa Juni hadi Septemba, hali ni nafuu na upepo ni mzuri. Mvua za masika za Aprili na Mei hufanya mawe ya vichochoroni kuteleza. Lakini mwezi wowote ule, toka asubuhi mapema au jioni. Kati ya saa nne na saa tisa za mchana mzee awe kivulini.

WIKI MOJA KABLA YA KUTOKA

Mpeleke kliniki apimwe presha, na sukari kama ana ugonjwa wa kisukari. Mwambie daktari au muuguzi mnakokwenda na kwa muda gani. Halafu uliza swali hili, kwa maana wengi hawaliulizi: "Siku ya safari, kile kidonge kinachoongeza mkojo akinywe saa ngapi?" Wagonjwa wengine huruhusiwa kukisogeza hadi wakirudi nyumbani. Wengine hawaruhusiwi. Usikisogeze wala usikiache kwa uamuzi wako mwenyewe.

Uliza pia kiasi cha maji. Mzee mwenye ugonjwa wa moyo au wa figo huenda amewekewa kipimo chake, asizidishe. Na kama daktari amemkataza vyakula vyenye madini ya potasiamu, basi madafu asinywe ovyo, kwa sababu madafu yana potasiamu nyingi.

Sasa tayarisha mfuko wa mzee. Weka ndani yake:

- Dawa zake zote katika vifurushi vyake, za siku za safari na siku tatu za ziada.
- Karatasi yenye majina ya dawa, vipimo vyake, magonjwa aliyo nayo, na namba ya simu ya mtu wa nyumbani.
- Kitambulisho chake. Hakikisha amesajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 2024.
- Chupa ya maji safi, kofia au mwavuli, na leso ya kulowesha na kujifuta uso.
- Miwani yake na bakora yake, hata kama anasema haihitaji.
- Nguo ya kubadilisha. Kama hudondokwa na mkojo, nunua nepi za watu wazima, umpe kwa faragha, bila mzaha wala minong'ono mbele ya wajukuu.

Mfuko huu mzee aushike mkononi. Usiuweke kwenye buti ya gari, kwa maana joto la mle ndani huharibu dawa.

Insulini ina sheria yake. Chupa ambayo haijafunguliwa hukaa kwenye friji. Ile inayotumika inaweza kukaa nje kwa takriban wiki nne, lakini mahali pasipo na joto la kuzidi nyuzi 25 au 30, kutegemea aina yake. Mombasa wakati wa kaskazi joto hupita hapo. Kwa hivyo iweke katika kibebeo kidogo chenye barafu, na uifunge kwa kitambaa isigusane na barafu hiyo. Insulini ikiganda imeharibika.

SIKU YA MJI WA KALE

Sasa siku imefika. Mzee ale kifungua kinywa. Anywe vikombe viwili vya maji, kisha aingie chooni kabla ya kutoka. Viatu viwe vya kufunika vidole, vyenye soli isiyoteleza. Ndara huponyoka mguuni na kumwangusha.

Anzeni na Fort Jesus asubuhi inapofunguliwa. Ngome hii ilijengwa na Wareno kati ya mwaka 1593 na 1596, na Waomani wakaiteka mwaka 1698 baada ya kuizingira karibu miaka mitatu. Kuanzia mwaka 1895 hadi 1958 ilikuwa gereza. Leo ni makumbusho, na mwaka 2011 iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO.

Kwa mzee, hatari ya ngome si historia yake, ni sakafu yake. Mawe hayalingani, kuna ngazi, na ua wa ndani ni mpana na wazi, jua linapiga moja kwa moja. Uliza choo kiko wapi mara tu mnapoingia, na umwonyeshe mzee. Akishajua choo kilipo, atakunywa maji bila wasiwasi. Kwenye ngazi tangulia wewe mnaposhuka, na umfuate nyuma mnapopanda. Si lazima apande kila mahali. Vyumba vya maonyesho vina kivuli.

Mkitoka hapo, ingieni Mji wa Kale polepole kwa Barabara ya Mbarak Hinawy. Hapo ndipo ulipo Msikiti wa Mandhry, unaosemekana kujengwa mwaka 1570. Mbele kidogo mtafika bandari ya kale, ambako majahazi yalileta tende, mazulia na habari za ng'ambo. Ndia Kuu nayo ina milango ya nakshi na roshani za mbao.

Mji wa Kale una zawadi moja kubwa kwa mzee. Vichochoro vyake ni vyembamba, nyumba zake ni ndefu, kwa hivyo kivuli hakikosekani. Na mbele ya nyumba nyingi kuna baraza za mawe. Baraza hizo zilijengwa kwa ajili ya kukaa. Piga hodi kwa salamu, mwombe mwenye nyumba, na mzee apumzike hapo dakika kumi baada ya kila dakika kumi na tano za kutembea. Mpe funda chache za maji kila anapoketi. Kabla ya kusimama, achezeshe miguu kidogo kwanza, kisha ainuke taratibu. Muwe upande wa ukutani, kwa maana pikipiki na tuktuk hupita humo pia.

Mkienda na watoto wadogo, nendeni watu wazima wawili. Mama mmoja hawezi kumkimbilia mtoto wa miaka mitatu na papo hapo akamshika nyanya mkono. Mwendo wa siku hiyo uwe wa mzee. Watoto waambiwe mapema.

Tena mwache mzee awe ndiye msimulizi. Muulize hapa palikuwa na duka gani, alinunua wapi viatu vyake vya kwanza vya kazi, feri ya Likoni ilikuwaje wakati wa ujana wake. Kukumbuka na kusimulia huchangamsha akili yake, na wajukuu hupata elimu ambayo haimo vitabuni.

Mwenye kisukari akiingia mahali pa kuvua viatu, avae soksi safi. Huenda miguu yake haina hisia, na sakafu iliyochomwa na jua ikamwunguza bila yeye kujua. Asitembee peku mchangani pia. Jioni, kagua nyayo zake na katikati ya vidole.

Jioni hiyo, kama bado ana nguvu, Mama Ngina panafaa. Mahali hapo pamekarabatiwa tangu mwaka 2019, pana viti, mibuyu ya zamani, na upepo wa bahari. Mzee aliyefanya kazi bandarini atafurahi kuzitazama meli zikiingia Kilindini. Lakini chunga vitafunio. Mihogo yenye chumvi, viazi karai na achari ni tamu, ila chumvi yake si rafiki wa presha. Mpe kidogo aonje, asijaze tumbo. Chakula kiwe cha moto, na tunda limenywe mbele yenu.

Na mkivuka Likoni, epukeni saa za watu kwenda kazini na kutoka kazini. Watu hukimbilia feri, na mteremko ule si wa mzee kusukumwa.

SAFARI YA MBALI

Huenda mzee anataka kwenda mbali zaidi: kumwona dada yake Voi, au kumtembelea mtoto Nairobi. Tangu mwaka 2017 kuna treni ya Madaraka Express, kutoka Miritini hadi Nairobi kwa muda wa saa tano hadi sita. Treni ina faida mbili kwa mzee: choo kimo ndani, na anaweza kusimama na kutembea. Akikaa dirishani mnapopita Tsavo, akibahatika ataona ndovu wekundu kwa vumbi. Mkienda kwa gari, pangeni mahali pa kusimama kabla ya kuondoka, kwa mfano Voi, kisha Mtito Andei ambako ni karibu nusu ya njia. Safirini mchana.

Kwa nini tunasisitiza kusimama? Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilitangaza matokeo ya utafiti kuhusu wasafiri. Ulionyesha kwamba mtu akikaa bila kusogea kwa saa nne au zaidi, iwe kwenye ndege, gari, basi au treni, hatari ya damu kuganda katika mishipa ya miguu huongezeka karibu maradufu. Hatari yenyewe ni ndogo kwa mtu mzima wa afya, lakini huzidi kwa mzee, kwa mnene, na kwa aliyefanyiwa upasuaji karibuni. Donge hilo likipanda hadi kwenye mapafu, linaweza kuua.

Kinga yake haina gharama. Kila nusu saa azungushe vifundo vya miguu, ainue visigino na vidole mara kumi. Kila saa moja au mbili asimame atembee. Asivae nguo inayobana kiunoni au magotini. Anywe maji. Usimpe aspirini kwa sababu tu jirani amesema.

DALILI ZA HATARI

Mama mlezi, shika dalili hizi vizuri.

Joto limemzidi: amechanganyikiwa, maneno hayaeleweki, ngozi ni moto, pengine anatapika au amezirai. Mtoe juani, mlegeze nguo, mloweshe kwa maji na kumpepea huku mkitafuta gari. Kama hana fahamu, usimtie kitu kinywani.

Sukari imeshuka: anatetemeka, ana jasho la baridi, ana njaa kali, amekasirika bila sababu. Kama anaweza kumeza, mpe nusu glasi ya soda yenye sukari, au vijiko vitatu vya sukari katika maji. Ngoja dakika 15. Kama hajapata nafuu, rudia, kisha ale chakula.

Kiharusi: uso umepinda upande mmoja, mkono hauinuki, maneno yanakokoteka. Hapa usingoje hata dakika moja. Angalia saa dalili zilipoanza, ukamwambie daktari.

Damu imeganda: mguu mmoja umevimba na unauma, au kifua kinauma na pumzi imekatika. Dalili hizi zinaweza kuja hata wiki kadhaa baada ya safari.

Ukiwa kisiwani, Hospitali ya Coast General ina huduma ya dharura. Popote pengine, jua hospitali ya karibu kabla ya kutoka.

Kuna jambo jingine kwa wazee wageni wanaotoka sehemu za baridi za bara. Huku Pwani kuna malaria, nao kinga yao ni ndogo. Mgeni wako mlaze ndani ya chandarua. Akirudi kwao, na homa ikampata hata baada ya wiki kadhaa, apimwe siku hiyo hiyo na aseme, "Nilikuwa Mombasa."

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Mzee akikataa kutoka, tafuta sababu yake ya kweli. Mara nyingi ni choo.
2. Mpe maji kabla hajaona kiu, kwa kipimo alichopewa na daktari.
3. Asiache dawa kwa sababu ya safari. Uliza kliniki mapema.
4. Tembeeni asubuhi au jioni, mpumzike mara kwa mara kivulini.
5. Safari ya zaidi ya saa nne: achezeshe miguu, asimame, atembee.

Turudi kwa yule mama mwalimu aliyetaka kuwalindia nyumba. Ukishamwonyesha kwamba choo umekijua, dawa umeziulizia, na mwendo utakuwa wake, huenda Jumamosi ijayo akawa wa kwanza kujifunga leso mlangoni. Na wewe mlezi usibebe yote peke yako. Waite ndugu zako mpokezane. Mzazi si wa mtoto mmoja.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI CHENU

- Ni wapi katika mtaa wetu mzee anaweza kutembea na kupata kivuli, kiti na choo?
- Ni nani kati yetu anayejua majina ya dawa zote za mzazi wake?
- Mzee wako alitoka nyumbani lini mara ya mwisho, kwa jambo lisilo la hospitali wala mazishi?